Mashine Iliyopita Juu ya Shamba la Kristina

Ezekiel alilichukua shamba la marehemu dada yake kwa asubuhi moja, na hakuhitaji maneno mengi. Alikuja na trekta.

Shamba lenyewe lipo bondeni, chini ya Mkuyuni, mahali ambapo milima inaiachia ardhi kidogo inyooke kabla ya kufika mtoni. Kristina alilifyeka mwenyewe enzi za ujana wake, alipochoka kulima kwenye miinuko ya juu ambako mtu hupanda maharage ameuegemea mlima kama anayeegemea ukuta. Kati ya watoto wake alibaki na binti mmoja tu, Paskalia. Waluguru hufuata upande wa mama katika mambo ya ardhi, kwa hiyo hapakuwa na mtu kijijini aliyejiuliza shamba lile litakwenda kwa nani siku Kristina atakapofumba macho. Alifumba macho mwanzoni mwa mwaka, baada ya kuugua muda mrefu. Arobaini ilipokwisha, mvua za masika zikawahi kuanza. Paskalia akachukua jembe, akatia mbegu za mahindi kwenye kopo, akateremka bondeni.

Alipanda kama mama yake alivyomzoesha tangu utotoni. Jembe linapiga, shimo linafunguka, punje zinadondoka, unyayo unafukia, kisha jembe linapiga tena mbele kidogo. Kwa shamba kubwa vile, mtu mmoja hawezi kulimaliza kwa haraka. Alikuwa amekwisha kuupanda upande wa mtoni wote na kuanza kupandisha kuelekea barabarani, aliposikia mngurumo wa injini.

Lilikuwa trekta jekundu, limekodishwa mjini, na nyuma yake limefungwa chombo ambacho Paskalia hakuwahi kukiona kwa karibu: masanduku manne yamepangwa kwenye chuma kimoja, kila moja na mguu wake wa kuchana udongo na kigurudumu chake cha kufukia. Mjomba Ezekiel alitembea pembeni, kofia kichwani, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba yake. Trekta liliingia kutokea barabarani, likashuka hadi mtoni, likageuka, likapanda. Lilipofika kwenye mistari ya Paskalia halikusimama. Miguu ile minne ilichana juu ya mashimo yake, na mbegu alizozifukia kwa unyayo wake zikaibuka juu, zikabaki zimetapakaa kwenye udongo mbichi.

Paskalia alimkimbilia mjomba wake. Alimwamkia kwanza, kwa kuwa hata siku kama ile mtu wa kwao hasemi na mjomba bila shikamoo.

"Mjomba, hapa nilikuwa nimeshapanda."

"Umepanda kipande," Ezekiel akajibu bila kumtazama. "Mimi napanda shamba."

Kabla ya saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha. Trekta likaondoka, Ezekiel akaondoka nalo, na Paskalia akabaki amesimama na kopo lake.

Alikwenda kwa wakubwa wa lukolo, yaani ukoo wao, kulalamika. Lakini mkubwa wa lukolo alikuwa Ezekiel mwenyewe, na wengine walikula kwake. Walimwambia kwamba ardhi ya ukoo haipaswi kulala, kwamba yeye ni msichana asiye na mume wala nguvu ya kulima bonde zima, kwamba mjomba hakumfukuza bali amelisaidia shamba. Mwenyekiti wa kijiji alimkatisha katikati, akasema mambo ya ukoo yanamalizwa na ukoo, na kwamba mazao yakishakuwa ardhini hakuna mtu wa kuyang'oa. Wakati wanabishana hivyo mahindi yalikuwa yameshachipua, mistari imenyooka kama iliyopigwa kamba, ya kijani kutoka barabarani hadi majini. Watu walikuwa wakisimama njiani kuyatazama na kuyasifu, na kwa Paskalia kila sifa ilikuwa kama konzi kichwani.

Msimu huo huo alihamia mjini. Alipanga chumba Mafiga, kwenye nyumba yenye wapangaji kutoka kila mkoa, akaanza kuuza uji na maandazi kwenye gereji za barabara ya nyuma. Hakuwa mtu wa kulia. Waliomfahamu siku hizo wanasema alikuwa mkimya, mwepesi wa kazi, na kwamba ukitaja jina la mjomba wake alikuwa anaacha anachofanya na kuanza kusugua viganja vyake taratibu, kama anayejipaka mafuta. Fundi mmoja wa kuchomelea, Erick, alimpenda na akamposa. Walikaa kama wachumba kwa muda, kisha Erick akavunja uchumba. Aliwaambia wenzake kwamba hakuwa na ugomvi na Paskalia, ila kila walipokaa kula walikuwa watatu mezani, na wa tatu alikuwa huyo mjomba. Paskalia alipoyasikia maneno hayo hakuyakana.

Alimchukia Ezekiel kwa utaratibu, kama mtu anayetunza bustani. Asubuhi aliamka na chuki hiyo, akaimwagilia, akaenda nayo kazini. Aliwaza nyumba yake iungue. Aliwaza ng'ombe wake wafe. Lakini mawazo hayo yalikuwa ya hasira ya kawaida, na hayakumtosheleza. Alichokitaka ni Ezekiel asimame pembeni ya shamba lile, mikono nyuma, akose la kufanya.

Kisha siku moja pale gereji ya Bi Magreth, mama wa makamo aliyekodisha matrekta kwa wakulima, waliingiza uani chombo chekundu chenye masanduku manne. Paskalia aliweka chupa yake ya uji chini. Alikizunguka mara kadhaa bila kukigusa. Aliyekuwa akikifungua ni mzee Fransisko, fundi wa zana za kilimo, mtu wa Matombo, mwenye mdomo mchafu na mapenzi makubwa na pombe ya dengelua.

"Unatafuta nini hapo?" Fransisko akamuuliza.

"Shikamoo, mzee. Nataka kujua kinafanyaje kazi."

Pengine Fransisko alikuwa amechoka, au alikuwa na njaa ya uji. Alimwonyesha. Gurudumu hili linasukumwa na ardhi wakati trekta linakwenda. Gurudumu linazungusha cheni. Cheni inazungusha sahani iliyolala chini ndani ya sanduku la mbegu, na sahani ina matundu pembezoni. Kila tundu linabeba punje moja, likifika juu ya bomba linaiachia, punje inateremka hadi kwenye mfereji uliochanwa na mguu wa mbele, kigurudumu cha nyuma kinafukia na kushindilia. Basi. Hakuna kingine.

Paskalia aliingiza mkono ndani ya sanduku tupu, akaizungusha sahani kwa kidole. Kitu kilichomshinda siku ile bondeni, kilichofanya watu wazima wa ukoo wao wafunge midomo, kilikuwa gurudumu, cheni na sahani yenye matundu. Alihisi aibu kwa kukiogopa. Baada ya aibu ikaja furaha ndogo, baridi, ambayo hakuwa ameionja tangu mama yake afariki.

Alianza kubaki pale baada ya kumaliza uji wake. Aliosha vyuma kwa mafuta ya taa, akashika taa, akakaza boliti. Fransisko alimtukana mara nyingi na kumfukuza mara chache. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, na kazi za ndani ya masanduku zilihitaji vidole vilivyotulia, kwa hiyo ikawa anamhitaji kabla hajakubali kwamba anamhitaji.

Fransisko alipokuwa katika hali nzuri alikuwa anasimulia. Alisema yeye mwenyewe alipata kuona upanzi wa kila aina. Utotoni, milimani, alitoboa ardhi kwa mti uliochongwa ncha, mama yake akifuata nyuma na mbegu ndani ya kibuyu. Kwenye bustani ya misheni aliwakuta mapadri wakisukuma kitoroli cha gurudumu moja kilichodondosha mbegu za karoti, na watoto wakapigana ili wapewe zamu ya kukisukuma. Alipokuwa kijana aliajiriwa kwenye shamba kubwa la umma, ambako mashine za kupandia zilifika zikiwa kwenye karatasi zake, zikafanya kazi misimu michache, kisha zikasimama nyasini kwa kukosa cheni, mpaka kuku wa wafanyakazi wakazifanya viota. Wafugaji waliohamia kutoka Usukumani walikuja na za kukokotwa na ng'ombe. Siku hizi zinaingia kutoka India, Brazili na China, na kuna hata za kushika mkononi, unadunga ardhini kama fimbo na mbegu inajidondokea.

Kuna habari moja aliyoisikia kwa mwalimu wake wa ufundi, na hiyo Paskalia aliipenda kuliko zote. Watu wa Iraki ya kale na Wachina walikuwa na majembe yenye mabomba ya kupitishia mbegu karne nyingi zilizopita, lakini Ulaya waliendelea kuzitupa kwa mkono, nusu ikiliwa na ndege. Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, mkulima mmoja Mwingereza akataka mbegu zake zipandwe kwa mistari. Vibarua wake wakamgomea. Yule bwana akaingia ndani kwa hasira, akaunda mashine ya kupanda ili asiwategemee tena.

"Kwa hiyo ni ugomvi ndio ulioizaa," Paskalia akasema.

Fransisko akacheka, akasema huenda, na kwamba yeye amelewa mara nyingi lakini hajawahi kusikia mtu akilifurahia jambo hilo.

Baada ya ufundi alijifunza kuendesha. Bi Magreth alikuwa amepungukiwa na madereva, wengi walikimbilia mashamba ya miwa, na alipoona binti anayeijua mashine ndani na nje alimpa ufunguo. Misimu ikapita. Paskalia alipanda Mvomero, akapanda Kilosa, akapanda njia ya Dodoma. Wakulima walizoea kumwita kwa jina. Walisema mistari yake haipindi, na kwamba akipanda yeye hakuna mapengo. Angeweza kutosheka na sifa hizo. Lakini kila masika, alipopata siku ya kupumzika, alipanda gari la Matombo, akashuka kabla ya kijiji chao, akasimama barabarani akilitazama shamba la mama yake likiwa la kijani. Kisha alivuka barabara na kusubiri gari la kurudi.

Ezekiel alikuwa amefanikiwa. Alijinunulia trekta na mashine yake ya kupandia, iliyochakaa tayari alipoinunua. Mwaka ambao mambo yalitokea mashine hiyo ilivunjika katikati ya msimu, mvua zimeshaanza, na akaja Mafiga kwa Bi Magreth kukodi. Alimkuta Paskalia uani, yupo juu ya trekta, ovaroli imelowa grisi. Alimtazama, halafu uso wake ukafunguka.

Hakuonyesha haya hata kidogo. Aliwaambia waliokuwepo kwamba huyu ni mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja, kwamba kwao kazi wanaiweza hata wanawake. Akamgeukia.

"Njoo ulipande shamba letu, mwanangu. Mbegu nimeshanunua, nzuri kabisa."

Lile neno, letu, lilimwingia Paskalia kama mwiba chini ya ukucha. Alimjibu kwa adabu kwamba atakuja Jumamosi.

Jioni ile, Fransisko alipokwenda kunywa, Paskalia alifungua kabati la vipuri. Alitoa zile sahani nne za mahindi kwenye masanduku, akatia sahani za mtama. Kwa macho zinafanana. Tofauti yake ni matundu, ambayo ni madogo kiasi kwamba punje ya mahindi haiwezi kuingia hata ukiisukuma. Mashine itatembea, cheni itazunguka, sahani zitalia chini ya mbegu kama kawaida, udongo utachanwa na kufukiwa, na ndani ya udongo hakutakuwa na kitu. Alifunga masanduku, akafuta mikono, akaenda kulala, na akalala vizuri.

Jumamosi ni siku ambayo Ezekiel huwa na shughuli sokoni Mkuyuni. Alimpokea mpwa wake, akamkabidhi kwa Maneno, kibarua wake wa miaka mingi, akaondoka. Maneno alikuwa mtu mpole, mgeni kutoka pwani, aliyelala kwenye kibanda pembeni ya shamba. Paskalia alimtuma maji, akamtuma tena kuni za chai, akamwambia kazi ya kujaza mbegu ataifanya mwenyewe kwa sababu mashine hii ina maudhi yake. Akawasha trekta.

Alilipita shamba lote, kutoka barabarani hadi mtoni, mstari baada ya mstari, bila kuruka. Aliendesha kwa uangalifu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alipofika upande wa mtoni, pale mbegu zake zilipofukuliwa, alijikuta anaimba. Mwisho wa kazi alizikusanya mbegu zote kutoka kwenye masanduku, nyekundu kwa dawa, akazirudisha kwenye mifuko yake na kuilaza nyuma ya kiti, akaifunika turubai. Maneno aliporudi aliuona uvimbe wa turubai, hakuuliza. Walikunywa chai. Akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Paskalia alifanya kazi huku akilihesabia shamba lile: sasa ingepaswa kuvimba, sasa kupasuka, sasa kuchomoza. Mvua ilinyesha vizuri, na kila iliponyesha alifurahi kwa kuwa ilinyesha bure. Mashamba ya majirani wa Ezekiel yalipoanza kuota, watu waliopita barabarani walishangaa bonde lake kubaki jeusi. Walisema ni ndege. Walisema ni panya. Ezekiel alifukua mstari kwa mikono yake, akafukua mwingine, hakukuta punje wala ganda. Mbegu za aina ile zilikuwa zimekwisha madukani, na wakati wa kupanda ulikuwa unapita.

Habari hizi zilimfikia Paskalia kupitia Prisca, mama aliyeleta mboga mjini kutoka kijijini kwao. Aliomba asimuliwe kila kitu: mjomba alisimama wapi, alisema nini, alivaa nini. Prisca akamsimulia. Kisha, kama anayemalizia jambo dogo, akasema afadhali mwizi amekamatwa.

"Mwizi gani?"

Maneno. Ezekiel alikwishaamua kwamba kibarua wake aliziiba mbegu kabla hazijatiwa kwenye mashine, akaziuza, akamwacha dereva apande hewa bila kujua. Mgambo walimpiga mbele ya ofisi ya kijiji, wakamvunja jino, wakamfungia stoo akisubiri kupelekwa polisi. Na mjomba, alisema Prisca, ametulia sasa. Anazunguka akisema hasara ni hasara, lakini walau ameshamjua adui yake.

Paskalia alimwonea Maneno huruma, ndiyo, na huruma hiyo ilimchoma. Lakini tusimpambe. Kitu kilichomwinua kutoka kwenye kigoda chake kilikuwa kingine. Miaka yote alisubiri Ezekiel aumie na ajue nani aliyemuumiza, na sasa Ezekiel ameumia na kumpa mtu mwingine jina la adui. Hata kisasi chake mjomba alikuwa amempokonya.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alikodi bajaji ya mizigo, akapakia ile mifuko ya mbegu, akafika kijijini watu wakitoka misa. Ezekiel alikuwa amesimama nje ya kanisa na wazee wenzake. Paskalia alishusha mifuko mmoja mmoja mpaka miguuni pake. Watu walisogea. Walisubiri amwamkie, maana mpwa hawezi kumfikia mjomba wake bila shikamoo, na hakumwamkia. Wapo wanaosema kwamba walishtushwa na hilo kabla ya kuitambua mifuko.

"Mbegu zako hizi. Maneno hakuiba. Nilizichukua mimi."

Ezekiel alitazama mifuko, akamtazama yeye. Akasema hamwelewi.

"Nilipita juu ya shamba lote na sikudondosha punje hata moja. Nilitaka ulitazame likiwa tupu, wewe umesimama pembeni."

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Paskalia aliiona mikono ya mjomba wake imetoka nyuma ya mgongo, inaning'inia mbele, haijui ishike nini. Aliitazama hadi akashiba. Halafu akageuka kwenda ofisi ya kijiji kusema wamfungulie Maneno.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Ezekiel alimshtaki kwenye baraza la kata. Bi Magreth, ambaye jina lake kwa wakulima lilikuwa ndilo mtaji wake, alimwachisha kazi siku ile ile aliyosikia, na hakumpa nafasi ya kujieleza. Kilichomuuma Paskalia zaidi ni Fransisko. Mzee alizitoa kabatini sahani zile za mtama, akazitazama, akaziweka mezani mbele yake.

"Umeifanya mashine iseme uongo," akasema, na kwa msimu mzima hakumsemesha tena.

Barazani Paskalia alikiri kila kitu. Aliulizwa kwa nini, naye akaanza mbali: alianza na mama yake kufyeka bonde, akaja kwenye kopo la mbegu, akaja kwenye trekta jekundu. Miaka ile hakuna aliyemwacha afike mwisho. Sasa, kwa kuwa ni mshtakiwa, walilazimika kumsikiliza. Alipomaliza alisimama bibi Eufrazia, binamu wa Kristina, mwanamke mkongwe ambaye siku za mgogoro alikaa kimya. Alisema alikuwepo Kristina alipokata mti wa kwanza wa shamba lile, na kwamba Ezekiel hakuwahi kushika shoka mle. Akasema walinyamaza kwa woga. Baada yake wakasimama wengine, wanawake kwanza, wanaume baadaye, baadhi yao wale wale waliokula kwake.

Baraza halikumfurahisha mtu. Lilimwona Paskalia ana kosa, likamtaka aombe radhi mbele ya watu. Lilimwona Ezekiel naye ana kosa, likaamua shamba ligawanywe, upande wa mtoni uwe wa binti, upande wa barabara ubaki kwa mjomba mpaka ukoo uketi upya. Paskalia alitaka lote. Alipewa nusu, na nusu hiyo ikiwa haina hata mche, masika yakiwa yamekwisha.

Radhi aliiomba, ila aliiomba kwa Maneno. Alipiga magoti mbele yake na kusema wazi kwamba alimtumia kama kijiti cha kuchokolea moto. Ezekiel alisubiri zamu yake, haikufika. Baraza likaandika kwamba amekataa, likamwacha.

Baadaye Paskalia alimfuata Maneno kibandani, akamwomba waje walime pamoja upande wa mtoni, wagawane mazao. Maneno alikuwa anafunga mizigo yake. Alimsikiliza kwa upole wake ule ule, ulimi ukipapasa pengo la jino.

"Yeye alinipigisha," alisema, "wewe ulimpa fimbo. Sitamfanyia kazi yeyote kati yenu."

Alikwenda Mazimbu, akapata kazi ya kutunza bustani chuoni, na wanaomfahamu wanasema yupo salama. Paskalia amekutana naye mara chache mjini. Maneno huitikia salamu na kupita. Akiulizwa kama anajutia alichofanya, Paskalia hulitaja jina hilo moja, na kwa mengine yote hutikisa kichwa kukataa. Kuhusu mjomba wake hana majuto. Ezekiel hajapata tena nguvu aliyokuwa nayo. Ukuu wa lukolo umehamia kwa mtu mwingine, na vijana wakimwona anatembea mikono nyuma hucheka pembeni. Wakikutana njiani yeye na Paskalia, kila mmoja hushika upande wake wa barabara. Hamwamkii. Anapompita bila kumwamkia bado husikia utamu kidogo kooni, na halifichi hilo.

Fransisko alirudi kumsemesha bila maelezo, siku alipohitaji vidole vyake. Vyuma chakavu walivyokusanya hapa na pale wakaviunga kuwa mashine ya masanduku mawili, na Paskalia akaanza kujitegemea, mashine ikikokotwa na trekta la kuazima. Upande wake wa mtoni unazaa. Lakini maisha yake yapo kwenye mashamba ya watu, na watu wa mkoa huu wote wameisikia habari yake.

Wanamwita, kwa sababu mistari yake bado haipindi. Ila wanapomwita hawakai kivulini. Mwenye shamba hutembea nyuma ya mashine na kijiti mkononi, mkewe upande wa pili, na kila baada ya hatua kadhaa huinama, hufukua udongo uliokwisha kushindiliwa, hutafuta punje. Wapo wanaozitafuta kwa haya, wakijifanya wamedondosha kitu. Wapo wanaofukua mstari mzima. Paskalia akiona wameinama husimamisha trekta, hushusha mguu mmoja, na kuwasubiri mpaka waione punje.